Mkanda wa Mtu Mzima, Mwili wa Mtoto: Kazi ya Kiti cha Kuinulia Ndani ya Gari

Mkanda wa usalama uliomo katika gari dogo la kawaida uliundwa kufuata umbo la mtu mzima, na jambo hilo, ambalo msafiri hana sababu ya kulifikiria anapojifunga, ndilo chanzo cha hatari inayomkabili mtoto aliyekwisha kukizidi kiti cha watoto wachanga lakini hajafikia urefu wa kuutumia mkanda huo peke yake. Katika familia nyingi za Afrika Mashariki zenye gari, mtoto wa kati ya miaka 4 na 12 huhesabiwa kuwa ameshakuwa mkubwa: huketishwa nyuma, pengine hufungwa mkanda, na wazazi huondoka wakiamini kwamba wametimiza wajibu wao. Imani hiyo ina kasoro, kwa kuwa mkanda usiokaa mahali pake unaweza wenyewe kumjeruhi aliyeuvaa, na kifaa kinachoondoa kasoro hiyo, yaani kiti cha kuinulia mtoto, ambacho wauzaji na wazazi wengi hukiita busta, bado ni kigeni katika magari mengi ya ukanda huu.

Ukubwa wa tatizo lenyewe haubishaniwi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani katika mwaka 2021, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29, huku kanda ya Afrika ikiwa na kiwango cha juu kuliko kanda nyingine zote kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, wala haitakuwa haki kudai kwamba busta ingewaokoa wote hao. Hata hivyo, mtoto aliyemo ndani ya gari ana nafuu moja ambayo mwenzake wa kando ya barabara hana: kinga yake inajulikana, imepimwa kwa zaidi ya miaka 40, na utendaji kazi wake unaweza kueleweka na mzazi yeyote anayejua mambo mawili, yaani namna mkanda unavyozuia mwili na namna mwili wa mtoto unavyotofautiana na wa mtu mzima.

Mkanda unavyofanya kazi

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Linapogonga ukuta au gari jingine na kusimama ghafla, kila kilichomo ndani huendelea mbele kwa mwendo ule ule hadi kizuiwe na kitu, na mwili usiofungwa hugonga kwa kishindo sawa na cha mwili ulioanguka kutoka kimo cha karibu mita 10, yaani kutoka ghorofa ya tatu. Hesabu hiyo ndiyo inayoiondolea nguvu desturi iliyoenea ya kumpakata mtoto mchanga. Ikiwa gari litasimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 140, na hakuna mikono ya mama wala ya baba inayoweza kuuzuia mzigo huo, hata kama aliyempakata alikuwa macho na amejiandaa. Kumfunga mtoto huyo pamoja na aliyempakata katika mkanda mmoja ni kubaya zaidi, kwa sababu mwili wa mtu mzima humbana mtoto dhidi ya mkanda kwa uzito wake wote.

Mkanda unaotumika leo karibu katika kila gari dogo ni mkanda wa ncha tatu, nao huitwa hivyo kwa kuwa utepe wake mmoja umeshikizwa sehemu tatu: juu ya bega, na pande mbili za nyonga. Ulibuniwa na mhandisi wa Kisweden, Nils Bohlin, na kampuni ya Volvo ikaanza kuuweka katika magari yake mwaka 1959, kisha ikaiacha wazi haki ya ubunifu huo ili watengenezaji wengine wautumie. Kabla ya hapo ulikuwapo mkanda wa ncha mbili unaopita kiunoni tu, ambao ulishika nyonga lakini ukaacha kiwiliwili kijirushe mbele hadi kichwa kikagonga usukani, dashibodi au kiti cha mbele.

Ubora wa mkanda wa ncha tatu unatokana na kanuni moja, kwamba nguvu ya mgongano ipokewe na mifupa imara na isiziguse sehemu laini. Utepe wa juu hupita katikati ya bega, ukalalia mtulinga, yaani mfupa unaounganisha bega na kifua, kisha ukashuka juu ya mbavu. Utepe wa chini hulala juu kabisa ya mapaja, ukakamata fupanyonga, yaani mfupa mpana unaobeba kiwiliwili mtu anapoketi. Nguvu ikigawanywa hivyo, mtu mzima huweza kutoka katika ajali kubwa akiwa na michubuko tu au mfupa mmoja uliovunjika, na utumbo, ini, bandama na shingo vikabaki salama.

Mahali mkanda unapokosea

Mwili wa mtoto una vipimo vyake, ambavyo havipatikani kwa kuupunguza tu mwili wa mtu mzima. Fupanyonga la mtu mzima lina kona mbili ngumu zilizochomoza mbele, moja kila upande, ambazo huuzuia utepe wa chini usipande tumboni; kwa mtoto kona hizo bado ni ndogo na za mviringo, na huchukua hadi umri wa miaka 10 hivi, pengine zaidi, kabla hazijakomaa kiasi cha kuushika mkanda barabara. Kichwa cha mtoto nacho ni kizito kwa kulinganisha na mwili wake, na misuli ya shingo inayokibeba bado ni dhaifu, hivyo uzito mwingi uko juu na nguvu ya kuuzuia ni haba.

Mtoto wa miaka 6 aliyeketishwa bila busta katika kiti cha nyuma cha gari dogo huonyesha tatizo lote kwa namna anavyokaa. Kiti hicho ni kirefu kuliko mapaja yake, kwa hiyo mgongo wake ukiegemea nyuma kabisa, magoti hayafiki ukingoni na miguu hubaki imenyooka mbele, jambo ambalo hachukui muda kulichoka. Baada ya dakika chache husogea mbele ili magoti yakunjike, kiuno kikateleza na mgongo ukajipinda, na hapo utepe wa chini, uliokuwa karibu na mapaja alipofungwa, hupanda ukakaa katikati ya tumbo, juu ya kitovu au karibu nacho. Utepe wa juu nao, kwa kuwa bega lake liko chini ya lile lililokusudiwa, humkata shingoni au kugusa shavu, naye hufanya linalofanywa na karibu kila mtoto, yaani huuvuta na kuupitisha chini ya kwapa au nyuma ya mgongo. Tangu dakika hiyo mtoto anaonekana amefungwa mkanda, lakini kilichobaki ni ule mkanda wa kiunoni wa kabla ya mwaka 1959, tena uliokaa tumboni.

Gari likigonga katika hali hiyo, mwili huteleza chini ya mkanda na tumbo ndilo linalobeba nguvu yote. Madaktari wa Marekani, Garrett na Braunstein, waliyaeleza majeraha ya namna hiyo mwaka 1962, na tangu hapo yamejulikana kitabibu kama kundi moja la majeraha yanayotokana na mkanda: mstari wa michubuko unaokatiza tumbo, kupasuka kwa utumbo au viungo vingine vya ndani, na kuvunjika kwa pingili za sehemu ya chini ya uti wa mgongo kunakosababishwa na kiwiliwili kukunjika ghafla juu ya utepe. Hatari yake kubwa ni kwamba utumbo uliopasuka huenda usionyeshe dalili kali katika saa za mwanzo, na kwa sababu hiyo mtoto aliyetoka katika ajali akiwa na mstari wa michubuko tumboni anapaswa kufikishwa hospitalini hata kama anatembea na kusema kwamba haumwi.

Makosa hayo hayafuti faida ya mkanda wenyewe. Mtoto aliyefungwa mkanda wa mtu mzima yuko salama zaidi kuliko asiyefungwa kabisa, ambaye huweza kurushwa nje kupitia kioo au kuwagonga abiria wenzake, na mzazi asiye na busta kwa safari ya leo hana sababu ya kuuacha mkanda. Linalofundishwa na majeraha hayo ni kwamba kati ya kiti cha mtoto mdogo na mkanda mtupu ipo hatua inayorukwa.

Kinachofanywa na busta

Kazi ya busta ni kumwinua mtoto ili mkanda wa gari umpite mahali ulipokusudiwa kupita. Kifaa chenyewe hakimshiki mtoto, wala hakina mikanda yake ya ndani kama kiti cha mtoto mdogo. Anayemshika ni mkanda wa ncha tatu wa gari, na busta humpandisha sentimita kadhaa, humfupishia kina cha kiti ili magoti yakunjike bila yeye kuteleza, na humwekea pande zote mbili vishikio vinavyouzuia utepe wa chini usipande. Volvo, iliyokuwa imeleta mkanda wa ncha tatu, ilitoa mto wa kuinulia mtoto mwaka 1978, na mwaka 1990 ikaonyesha busta iliyojengwa ndani ya kiti chenyewe cha nyuma, inayokunjuliwa inapohitajika.

Busta ziko za aina mbili. Ya kwanza ina kiegemeo cha mgongo, mbawa za pembeni za kulinda kichwa, na tundu la kupitishia utepe wa juu ili usiteleze kutoka begani. Ya pili ni mto mgumu usio na kiegemeo. Aina ya kwanza hufaa zaidi kwa watoto wadogo, kwa gari ambalo kiti chake hakina mahali pa kuegemeza kichwa, na kwa safari ndefu, kama zile za mwisho wa mwaka familia zinapotoka Dar es Salaam kwenda Moshi au Nairobi kwenda Mombasa, kwa sababu mtoto akisinzia mbawa humzuia asiangukie upande na kutoka katika njia ya mkanda. Katika kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya, tangu mwaka 2017 busta mpya zisizo na kiegemeo huidhinishwa kwa watoto wenye kimo kinachozidi sentimita 125 tu.

Faida ya kifaa hiki imepimwa katika ajali halisi. Utafiti wa Durbin na wenzake, uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2003, uligundua kwamba kwa watoto wa miaka 4 hadi 7 busta ilipunguza uwezekano wa kujeruhiwa kwa asilimia 59 kulinganisha na mkanda peke yake, na utafiti uliofuata mwaka 2009, uliohusisha watoto wa miaka 4 hadi 8, ulipata punguzo la asilimia 45. Tarakimu hizo zinalinganisha mtoto aliyefungwa na mtoto mwingine aliyefungwa, na kwa hiyo tofauti inatokana hasa na mahali mkanda ulipopita.

Kumfunga mtoto katika busta ni kazi ya hatua chache zinazohitaji uangalifu. Busta huwekwa juu ya kiti cha nyuma hadi mgongo wake uguse kiegemeo cha gari, na mtoto huketi akiwa amesukuma makalio nyuma kabisa. Utepe wa chini hupitishwa chini ya vishikio vyote viwili, ambavyo mara nyingi hupakwa rangi nyekundu ili vionekane, ukalala juu ya mapaja pale yanapokutana na kiuno. Utepe wa juu, upande wa kifungio cha mkanda, nao hupita chini ya kishikio, na upande wa bega hupita kati ya shingo na ncha ya bega. Mwishoni mkanda huvutwa kwa juu ili ulegevu wote uliobaki kiunoni uondoke. Busta isiyo na mtoto inapaswa kufungwa mkanda au kuwekwa buti, kwa kuwa katika mgongano nayo hugeuka kitu kizito kinachoruka.

Mito ya nyumbani, vitabu na maboksi ambayo baadhi ya wazazi huyatumia ili mtoto aone nje hayachukui nafasi ya busta. Mto wa kawaida hubonyea gari linapogonga, mkanda ukalegea, na mtoto huteleza mbele pamoja nao, na hivyo kifaa kilichokusudiwa kumwinua kikawa ndicho kinachomwingiza chini ya mkanda.

Kipimo ni kimo

Wazazi wengi huuliza mtoto aanze kutumia busta akiwa na umri gani na aiache lini, na sheria nyingi huwajibu kwa miaka, lakini mkanda hauujui umri. Mtoto mchanga huanza kwa kiti kinachotazama nyuma, ambacho hutegemeza kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja, na kanuni mpya ya Umoja wa Mataifa huagiza abaki humo angalau hadi miezi 15. Baadaye huhamia kiti kinachotazama mbele chenye mkanda wake wa ncha tano, na hukaa humo hadi azidi uzito au kimo kilichoandikwa na mtengenezaji, mara nyingi baada ya kilo 18 na umri wa miaka 4 hivi. Hapo ndipo busta huanza, na huendelea hadi mkanda mtupu umkae sawasawa, jambo ambalo kwa ushauri wa madaktari wa watoto wa Marekani hutokea mtoto anapofikia kimo cha sentimita 145 hivi.

Kwa vipimo vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa wastani ana karibu sentimita 116 anapotimiza miaka 6, karibu 127 anapotimiza miaka 8, na karibu 138 anapotimiza miaka 10, na hufikia 145 akiwa na miaka 11 hivi. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa wastani wa darasa la nne bado anahitaji busta, ingawa yeye mwenyewe angeona haya kuambiwa hivyo mbele ya wenzake.

Kwa Afrika Mashariki hesabu hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu udumavu, yaani hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake kutokana na lishe duni au maradhi ya mara kwa mara, bado umeenea. Katika takwimu za kitaifa za mwaka 2022, udumavu uliwahusu watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini Tanzania, na 18 katika kila 100 nchini Kenya. Mtoto wa namna hiyo akipimwa kwa umri ataondolewa kwenye busta miaka kadhaa kabla ya wakati wake, ilhali mtoto mrefu wa umri huo huo huenda aliishaiacha kwa haki.

Mzazi asiye na futi ya kupimia anaweza kutumia jaribio la mambo matano, mtoto akiwa ameketi katika gari analosafiria bila busta. Mgongo wake unapaswa kuegemea kiti chote. Magoti yakunjike ukingoni mwa kiti bila yeye kuteleza. Utepe wa chini ulalie mapaja na usiguse tumbo. Utepe wa juu upite katikati ya bega na kifua. Na aweze kukaa hivyo safari nzima, pamoja na wakati wa usingizi. Likikosekana hata moja, busta bado inahitajika, na kwa kuwa viti vya magari hutofautiana, mtoto aliyefaulu katika gari la nyumbani anaweza kushindwa katika gari la mjomba.

Kiti cha nyuma hubaki kuwa mahali pa mtoto hata baada ya busta, na madaktari wale wale wa watoto wa Marekani hushauri akae huko hadi atimize miaka 13. Mfuko wa hewa wa mbele, ambao hujitokeza kutoka kwenye dashibodi kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa, umewekewa kipimo cha kifua cha mtu mzima, na kwa mtoto mfupi hulenga uso na shingo. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hakipaswi kamwe kuwekwa mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Watoto wakizidi nafasi za nyuma, na ikalazimu mmoja akae mbele, awe yule mrefu kuliko wote, afungwe mkanda barabara, na kiti chake kirudishwe nyuma kadiri kinavyoweza.

Sheria zilivyoichelewesha hatua hii

Historia ya sheria inaonyesha kwamba hata nchi zilizotangulia ziliwakumbuka watoto wachanga kwanza. Jimbo la Tennessee lilikuwa la kwanza nchini Marekani kuwa na sheria ya viti vya watoto, iliyoanza kutumika mwaka 1978, na kufikia mwaka 1985 majimbo yote yalikuwa nayo, lakini nyingi ziliishia kwa watoto wenye umri wa miaka mitatu au minne. Pengo hilo lilisikika kitaifa baada ya ajali ya mwaka 1996 katika jimbo la Washington iliyomuua mvulana wa miaka 4 aliyekuwa amefungwa mkanda wa mtu mzima. Kampeni iliyofuata ilizaa sheria ya busta ya jimbo hilo mwaka 2000, na sheria ya shirikisho ya mwaka 2002 iliyopewa jina lake, Anton. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2003, uliweka kipimo cha sentimita 150 na kuziruhusu nchi wanachama kukishusha hadi 135, na Uingereza ikaanza kutumia miaka 12 au sentimita 135, kinachotangulia, mwezi Septemba 2006.

Karibu na Afrika Mashariki mwendo ni ule ule wa kuanzia chini. Afrika Kusini iliagiza kiti cha mtoto mwaka 2015, lakini kwa watoto walio chini ya miaka 3. Falme za Kiarabu, ambako wamo wahamiaji wengi kutoka Afrika Mashariki, zilifanya hivyo mwaka 2017 kwa walio chini ya miaka 4, zikaongeza sharti kwamba abiria wa mbele awe na miaka 10 na sentimita 145. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ilitungwa mwaka 1973, miaka mitano kabla ya mto wa Volvo, na kwa miaka mingi wanaharakati wamekuwa wakidai ifanyiwe marekebisho ili imtambue mtoto ndani ya gari. Nchini Kenya, kanuni zilizopewa jina la Waziri John Michuki, zilizotangazwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa mwezi Februari 2004, zilileta mikanda na vidhibiti mwendo ndani ya matatu, lakini zilimfikiria abiria kwa jumla bila kutofautisha miili.

Gari la mtumba, kiti cha mtumba

Magari mengi ya binafsi yanayouzwa Tanzania na Kenya yalitumika kwanza Japani, nchi ambayo tangu mwezi Aprili 2000 sheria yake huagiza kiti maalumu kwa watoto walio chini ya miaka 6, na kwa hiyo gari lenyewe kwa kawaida si kikwazo. Mnunuzi anapaswa kukagua jambo moja: nafasi za nyuma zina mkanda wa ncha tatu au la. Katika baadhi ya magari ya zamani nafasi ya katikati ina mkanda wa kiunoni tu, na busta haipaswi kuwekwa hapo, kwa sababu mtoto aliyeinuliwa bila kuzuiwa kifua hujirusha mbele zaidi. Vilevile mikanda iliyofukiwa chini ya makava ya viti, kama ilivyo katika magari mengi ya mijini, inabidi ifukuliwe na kujaribiwa kwa kuvutwa ghafla, ili ijulikane kama bado inakaza.

Busta yenyewe mara nyingi hununuliwa ikiwa mtumba, na hapo ukaguzi huanza kwa kuigeuza. Iliyopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa huwa na lebo, kwa kawaida ya rangi ya chungwa, yenye herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba ya nchi iliyoiidhinisha, kama 1 kwa Ujerumani, 4 kwa Uholanzi na 11 kwa Uingereza. Chini yake huandikwa namba ya kanuni: 44 ni ya zamani, inayopima kwa kilo, na busta zake husomeka kilo 15 hadi 36 au 22 hadi 36; 129 ni mpya, inayopima kwa sentimita, mara nyingi 100 hadi 150. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina herufi hiyo, bali maandishi yanayotaja kanuni namba 213 ya usalama wa magari ya nchi hiyo. Isiyo na lebo yoyote, yenye ufa, au ambayo muuzaji hawezi kueleza kama imewahi kuwamo ndani ya gari lililopata ajali, ni afadhali iachwe, kwa kuwa plastiki iliyokwisha kubeba mgongano mmoja huenda isiubebe wa pili. Tarehe ya kutengenezwa nayo hupigwa chapa chini ya kifaa, na watengenezaji wengi huweka ukomo wa kati ya miaka 6 na 10.

Watoto wasiofikiwa na busta

Watoto wengi wa ukanda huu hawasafiri kwa gari la familia. Husafiri kwa daladala, matatu, bajaji, bodaboda na magari ya shule. Busta haina kazi pasipo mkanda wa ncha tatu, na kwa hiyo kuitaja kama dawa ya ajali za bodaboda au za Hiace iliyojaza kungekuwa kupotosha. Katika vyombo hivyo maisha ya mtoto hutegemea zaidi mwendo wa dereva, idadi ya waliopakiwa, kofia ngumu inayomtosha, na mahali salama pa kushukia.

Magari ya shule yako katikati. Mengi ni magari madogo yaleyale ya abiria, yenye watoto watatu katika nafasi ya wawili na mikanda ya kiunoni au isiyokuwapo, na mmiliki huamua peke yake ataweka nini. Wazazi wanaolipa ada ya usafiri wana nafasi ya kudai, kupitia kamati ya shule, kwamba kila mtoto awe na kiti chake, kila kiti kiwe na mkanda wa ncha tatu, na watoto wafupi wawekewe busta, ambazo zikibaki ndani ya gari hutumiwa na kundi baada ya kundi.

Umoja wa Mataifa, katika muongo wa usalama barabarani wa 2021 hadi 2030, umezitaka nchi zihakikishe kwamba kufikia mwaka 2030 karibu abiria wote wa magari wanatumia mikanda au viti vya watoto vilivyoidhinishwa. Bunge litakaloandika kifungu cha viti vya watoto litakuwa na njia mbili: kuishia kwenye miaka 3 au 4, kama zilivyoanza nchi nyingine, kisha kurudi baada ya muda kuziba pengo, au kuandika tangu mwanzo kipimo cha sentimita pamoja na viwango vya vifaa vinavyokubalika, ili askari wa trafiki, mwenye gari la shule na mzazi wawe na mstari mmoja wa kupimia. Njia ya pili haigharimu zaidi kuitunga, na huwafikia watoto wa miaka 5 hadi 12 ambao njia ya kwanza huwaacha kwa mkanda usiowatosha.